Feni Tulivu kwa Kompyuta ya Padre Mzee



Katika nyumba ya malezi, ukimya umo kwenye ratiba kama ilivyo kengele ya alfajiri. Baada ya sala ya usiku hatuongei mpaka Misa ya kesho yake. Wengi wetu tulipofika hapa tulidhani ukimya ni kufunga mdomo basi. Walezi wetu wametuonyesha kwamba mtu aweza kufunga mdomo na bado moyo wake ukawa soko, na kwamba ukimya una kazi yake: unamwezesha mtu kusikia. Nabii Eliya pale Horebu alipitiwa na upepo, tetemeko na moto, na Bwana hakuwamo katika hayo. Alimtambua katika kitu kidogo mno, ambacho asingekisikia kama masikio yake yangekuwa bado yanafuata kishindo.

Makala haya yanahusu ukimya wa ngazi ya chini kabisa, yaani ule wa feni ya kompyuta. Tunaandika sisi mafrateri tunaotunza kompyuta za nyumba yetu. Kuchagua feni moja ndogo kulituchukua karibu mwezi mzima, na tuliyojifunza tunaamini yatawafaa wenzetu wa nyumba nyingine, wa maparokia na wa mashirika, ambako kompyuta za msaada huzeeka zikiwa bado zinategemewa.

Kwa nini jambo hili lilikuwa zito

Tunaishi na padre mmoja mstaafu ambaye kwa miaka mingi amefundisha uhubiri. Macho yake yamefifia, hawezi tena kusoma, lakini hajaacha kufundisha. Mashemasi na mafrateri humpelekea mahubiri yao kwenye flashi, naye huyasikiliza yakisomwa na kompyuta chumbani mwake, kisha humwita mwandishi na kumpa maoni. Programu inayosoma inaitwa NVDA. Ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni, na hutolewa bure. Ndani yake imo sauti inayosoma Kiswahili. Ni sauti kavu, ya mashine, lakini Padre ameizoea.

Tatizo ni kwamba masikio yake nayo yamezeeka. Uzee huondoa kwanza uwezo wa kusikia sauti nyembamba, na humo ndimo zilimo konsonanti nyingi kama s, f, t na k. Irabu hubaki zikisikika vizuri. Sasa fikiria Kiswahili chetu: kata, pata, taka, kaka. Irabu ni zile zile, na maana yote imebebwa na konsonanti. Mwenye masikio mazima hajui hata kwamba kuna kazi inafanyika hapo. Mzee huifanya kazi hiyo kwa jasho, na kelele kidogo tu ya chumbani humfunikia kile kilichobaki.

Kompyuta yake ilipoanza kukwaruza, Padre alipandisha sauti ya spika. Spika ndogo ikapandishwa mno hupasua maneno, basi hali ikawa mbaya zaidi. Mwishowe akatuambia kwa upole, “Wanangu, mtakuwa mnanisomea ninyi.” Tukapanga zamu. Lakini frateri ana vipindi, ana bustani, ana mitihani. Zipo siku ambazo mahubiri matatu yalilala kwenye flashi na Padre akakaa kitini mikono mapajani. Mtu aliyeweza kufanya kazi yake peke yake alikuwa anaanza kuwa mtu wa kungojea wengine, na sababu ilikuwa kifaa cha upana wa kiganja.

Kuipata kelele ilipo

Ndani ya kompyuta ya mezani huwa kuna feni zaidi ya moja: ya prosesa, pengine ya kasha, na ile ya pawasaplai, yaani kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa umeme mdogo unaotumiwa na sehemu za ndani. Tena diski kuu ya zamani nayo huzunguka na kulia. Kabla ya kununua chochote ni lazima kujua anayelia ni nani.

Tulikunja karatasi ngumu ikawa bomba, upande mmoja tukautega sikioni na mwingine tukaupitisha nje ya kasha, mbele ya tundu moja baada ya lingine. Sauti ya hewa inayopita ni kama mvumo, nayo ni ya kawaida. Sauti ya mkwaruzo inayobadilika mashine inapopata joto hutoka kwenye beringi, yaani mahali ekseli ya feni inapoegemea na kuzungukia. Mkwaruzo ule ulitoka nyuma, kwenye pawasaplai. Tunasisitiza neno moja: usichomeke kijiti, bisibisi wala kidole kwenye pawasaplai ili kuisimamisha feni na kusikiliza tofauti. Humo mna umeme wa kuua.

Feni ile ina kazi gani

Mmoja wetu aliuliza kwa nini tusiichomoe kabisa. Swali lake ni la haki, na jibu lake ndilo linaloongoza uchaguzi wote.

Hakuna pawasaplai inayogeuza umeme bila kupoteza. Tuseme sehemu za ndani za kompyuta zinahitaji wati 80, na pawasaplai ina ufanisi wa asilimia 80. Itavuta wati 100 ukutani, na zile 20 zinazobaki zitakuwa joto ndani ya kisanduku kilichofungwa. Ni kama kufungia balbu inayowaka ndani ya kopo. Feni ipo ili kulitoa joto hilo.

Joto lisipotoka, vinavyoumia kwanza ni kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotuliza umeme. Mafundi wana kanuni ya makadirio: kila joto linapopanda nyuzi 10, umri wa kapasita za aina hiyo hupungua kwa nusu. Kwa hiyo mtu anayeweka feni dhaifu kwa kupenda kimya atapata kimya kweli kwa miezi kadhaa, huku kisanduku kinaungua polepole bila kumlalamikia. Swali letu likawa hivi: tutapataje feni inayofanya kazi yote iliyofanywa na ile ya zamani, bila kupiga kelele?

Kulikuwa na njia nyingine mbili. Ya kwanza ni tone la mafuta ya cherehani kwenye beringi. Husaidia kwa wiki au miezi, lakini beringi iliyolika haioti tena, na kufungua kisanduku cha hatari mara kwa mara kwa ajili ya tone la mafuta si busara. Ya pili ni kununua pawasaplai nzima. Kwa kompyuta nyingi hii ndiyo njia bora: unapata dhamana mpya na kapasita mpya, na ukichagua yenye alama ya 80 PLUS unajua imepimwa na haipotezi zaidi ya moja ya tano ya umeme inaouvuta. Lakini kompyuta ya Padre ni ya zile za ofisini, ambazo mtengenezaji ameziwekea pawasaplai ya umbo lake mwenyewe. Za kawaida za dukani hazikuingia, na iliyotumika ya umbo lile ingekuja na feni iliyozeeka vilevile. Ikabaki feni.

Mambo sita tuliyoyapima

Kwanza, ukubwa. Feni ya zamani ilikuwa ya milimita 80 kila upande na unene wa milimita 25. Kwa kanuni, feni kubwa ni tulivu kuliko ndogo, kwa sababu husogeza hewa ileile ikizunguka polepole. Ya milimita 120 ina eneo mara mbili na robo ya ile ya 80. Lakini nafasi ilikuwa ya 80, na hatukutaka kukata bati. Mtu huchagua ndani ya mipaka aliyopewa.

Pili, umeme. Feni nyingi za pawasaplai ni za volti 12, na kibandiko cha katikati husema inavuta ampea ngapi. Mpya isizidi ya zamani, maana sakiti inayoilisha iliundwa kwa kiasi kile.

Tatu, kuanza kuzunguka. Jambo hili wengi hulisahau. Pawasaplai nyingi haziipi feni volti 12 wakati wote. Kikiwa bado cha baridi, kisanduku huipa kama volti 5 hivi, na huongeza kadiri joto linavyopanda. Feni nyingine hazianzi kwa volti chache hivyo. Zitakaa zimesimama mpaka joto liwe kali, ndipo zishtuke. Feni nzuri ni ile inayoanza yenyewe kwa volti 5 bila kusukumwa.

Nne, waya. Zenye waya mbili hupokea umeme tu. Zenye tatu zina waya wa ziada wa kutoa taarifa ya kasi. Zenye nne huongozwa kwa ishara maalumu kutoka kwenye ubao mkuu wa kompyuta, nazo zisipopata ishara hiyo hujiendea kwa kasi yote ambayo umeme unaziruhusu. Kwa pawasaplai inayoongoza feni kwa kupandisha na kushusha volti, zenye waya mbili au tatu ndizo zinazofaa.

Tano, beringi. Ya bei nafuu ni bomba dogo la chuma lenye mafuta. Huwa tulivu ikiwa mpya, lakini mafuta hukauka upesi kwenye joto, na hasa haipendi kulazwa kifudifudi kama zinavyolala feni za milimita 120 katika pawasaplai nyingi. Ya gololi hustahimili joto na huishi sana, ila ina mvumo wake tangu siku ya kwanza. Ya tatu huiegemeza ekseli juu ya utando wa mafuta yaliyofungiwa yasitoke. Ni tulivu na hudumu, na bei yake ni ya juu.

Sita, desibeli. Hapa ndipo maduka huchanganya watu. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Feni mbili zenye kelele sawa zikiwa pamoja huongeza desibeli 3 tu, na ongezeko la desibeli 10 ndilo ambalo sikio la kawaida hulisikia kama kelele mara mbili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza chumba cha kulala kisizidi desibeli 30 usiku. Kwa hiyo feni ya desibeli chini ya 20, ikipimwa kwa umbali wa mita moja, humezwa na utulivu wa kawaida wa chumba. Kasi nayo ina neno kubwa: wahandisi hukadiria kwamba feni ileile ikipunguzwa kasi kwa nusu, kelele hushuka kama desibeli 15, lakini hewa nayo hubaki nusu. Namba ya desibeli isiyoandamana na namba ya hewa haina maana. Feni iliyosimama ina desibeli sifuri.

Feni tatu mezani

Tulipata feni tatu za kulinganisha. Ya kwanza ilikuwa ya bei ya chini, imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni kimya, bila namba yoyote ya hewa wala ya kelele. Ya pili ilikuwa ya gololi, iliyotolewa kwenye mashine kubwa ya ofisi. Hewa yake ilikuwa ya kupeperusha karatasi, na mlio wake wa nyuki. Ya tatu ilikuwa ya kampuni ya Noctua ya Austria, yenye waya tatu na mizunguko 2000 kwa dakika. Watengenezaji wameandika namba zote: hewa, msukumo wa hewa, na kelele ya desibeli 16 na ushee. Bei yake ilikuwa mara nne ya ile ya kwanza.

Tulizijaribu kwa volti 5 za tundu la USB, tukitumia waya ulioandaliwa na fundi. Ya kwanza ilitetemeka ikabaki palepale mpaka iliposukumwa kwa kidole. Ya pili haikujigusa. Ya tatu ilianza taratibu ikaendelea.

Tulipopeleka hesabu, Padre Mzee mwenyewe alikuwa wa kwanza kupinga. “Feni ya bei hiyo ya nini, wanangu? Mimi nimebakiza miaka mingapi? Chukueni ile ya bei ndogo, hela nyingine wapeni wagonjwa wa zahanati.” Hatukuwa na la kumjibu. Tunaahidi maisha ya kiasi, na hapa tulikuwa tunaomba kilicho ghali kuliko vyote vitatu.

Aliyetusaidia ni Padre Mweka Hazina. Alitukumbusha sura ya 31 ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, inayomwagiza mtunza mali wa monasteri avitazame vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Alisema kikombe cha Misa hatukinunui kwa kutafuta cha bei ya chini wala kwa kutafuta cha fahari. Tunatafuta kinachofaa kwa kile kitakachobebwa ndani yake. “Feni hii,” akasema, “itabeba masikio ya Padre.” Kisha akatuuliza kwa ukali wa mhasibu: ile ya bei ndogo itadumu muda gani ndani ya joto, na fundi ataitwa mara ngapi? Uamuzi ukapatikana. Na ili neno la Padre Mzee lisianguke bure, sisi mafrateri tulikubaliana tuache soda za sikukuu iliyokuwa inakuja, na fedha zake zikaenda zahanati. Tunaliandika hili kwa sababu alipoambiwa hivyo ndipo alipokubali.

Kufunga feni

Padre Gombera alikuwa ameweka sharti tangu mwanzo: hakuna frateri atakayefungua pawasaplai. Sharti hilo tunalipitisha kwenu kama lilivyo. Umeme wa ukutani wa volti 230 ukishanyooshwa ndani ya kisanduku huwa kama volti 325, na katika aina nyingine huzidi hapo. Kapasita kubwa inaweza kuendelea kuushika hata baada ya plagi kuchomolewa. Kifaa kilichozimwa si lazima kiwe kimelala.

Tulimwita fundi wa elektroniki. Alichomoa plagi, akangoja, akafungua, akapima kapasita kubwa kwa mita, akaitoa chaji iliyobaki kwa kifaa chake, akapima tena. Ndipo alipogusa. Alitazama mshale ulio ubavuni mwa feni ili hewa itoke nje kama ilivyokuwa awali. Aliunganisha waya wa chanya na wa hasi, akaufunga wa tatu vizuri usiguse kitu, akasugua vumbi kwenye vipozeo kwa brashi kavu, akarudisha skrubu.

Hatukuridhika na sikio peke yake. Kabla ya kazi tulikuwa tumepima joto la hewa inayotoka nyuma, mashine ikiwa imesoma na kunakili mafaili kwa saa mbili, tukapata nyuzi 38. Baada ya kazi, kwa muda uleule na chumba kikiwa na joto lilelile, tulipata nyuzi 40. Fundi akasema hapo hakuna shida. Kama ingefika 50 tungemwomba atufungie feni yenye hewa zaidi, hata kama ina mvumo kidogo.

Siku iliyofuata Padre aliwasha mwenyewe. Sauti ya spika aliishusha mara tatu, kwa kuwa ilikuwa bado pale alipoiacha wakati wa kelele. Alisikiliza mahubiri manne mfululizo kabla ya chakula cha mchana. Jioni alimwita shemasi mmoja na kumwambia kwamba mahubiri yake ni marefu, na kwamba aya ya pili inarudia ya kwanza kwa maneno mengine. Shemasi alitoka akicheka, akatuambia heri tungeiacha feni ya zamani.

Zamu za kumsomea zimefutwa. Badala yake imewekwa zamu moja mwanzoni mwa kila robo mwaka, ya kupangusa vumbi kwenye matundu ya nje ya kasha lake, mashine ikiwa imezimwa na plagi imechomolewa. Vumbi likiziba matundu, feni hulazimika kuongeza kasi, na kelele hurudi bila beringi kuwa na kosa lolote.

Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayesikiliza Misa kwenye redio, au mgonjwa, au mtoto anayejifunza kusoma karibu na mashine inayokwaruza, anzeni kwa kukaa naye hapo anapokaa, na msikilize anachosikia yeye. Bajeti na namba za feni zitafuata baadaye.